Simu haitoki mkononi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu uraibu wa intaneti kwa wanachuo

Maswali haya yametoka kwa wanafunzi waliokuja kuzungumza nami kwenye chumba cha ushauri, kwa wengine walioandika ujumbe usiku wa manane, na kwa wazazi waliopiga simu matokeo yalipotoka. Nimeyaacha kwa maneno yao kadiri nilivyoweza. Kama una nafasi ya kusoma jibu moja tu, soma la asaimenti inayotakiwa kesho, maana ndilo lililobeba mengine yote.

Hivi huu ni ugonjwa kweli, au ni jina zuri la uvivu?

Mwaka 1995 daktari wa akili wa New York, Ivan Goldberg, aliandika vigezo vya uraibu wa intaneti kwa mzaha, kuwachekesha madaktari wenzake. Mzaha ukageuka pale baadhi ya waliousoma walipojiona humo. Mwaka uliofuata Kimberly Young, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, kampasi ya Bradford, alichukua vigezo vya uraibu wa kamari, akaweka intaneti mahali pa kamari, akaanza kuwauliza watu maswali kwa dhati. Utafiti wa jambo hili ulianzia hapo.

Leo hali iko hivi. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5, uliotoka mwaka 2013, uliweka uraibu wa gemu za mtandaoni kwenye sehemu ya mambo yanayohitaji kuchunguzwa zaidi. Shirika la Afya Duniani lilikwenda mbele zaidi: orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, inautaja uraibu wa gemu kama ugonjwa. Kuperuzi mitandao ya kijamii, kutazama video na kuchati bado hakuna jina lake rasmi humo.

Kwa hiyo wataalamu wanaendelea kubishana kuhusu jina. Mwanafunzi aliyekosa mtihani kwa sababu alilala saa kumi na moja alfajiri akiwa na simu kifuani hana haja ya kuwasubiri wamalize.

Na kuhusu uvivu, mtu mvivu angalau anapumzika. Hawa ninaowaona mimi hawapumziki hata kidogo. Macho yanawauma, shingo inawauma, nafsi inawasuta, na kidole bado kinasogeza video nyingine.

Simu yangu inaonyesha nimeitumia saa saba kwa siku. Ndiyo nimeshakuwa mraibu?

Saa peke yake hazisemi. Yupo anayesoma PDF kwenye simu kwa sababu hana kompyuta, yupo anayeuza viatu WhatsApp ili ajilipie hosteli, na yupo anayepitisha saa hizohizo saba akitazama video ambazo jioni hakumbuki hata moja. Hao watatu huwezi kuwaweka kapu moja.

Mark Griffiths, mtafiti wa uraibu katika Chuo Kikuu cha Nottingham Trent, Uingereza, alipendekeza mwaka 2005 tutazame mambo sita, na mimi huyageuza kuwa maswali. Je, unaiwaza hata ikiwa chaji, hata ukiwa katikati ya ibada? Unaishika ili hali ya moyo ibadilike? Nusu saa iliyokuwa inakutosha mwaka wa kwanza, leo inahitaji saa tatu? Bando likiisha na hela huna, unakuwa mkali kwa watu wasiokukosea? Imekugombanisha na masomo, usingizi, mpenzi, ndugu? Na uliwahi kuapa kuacha, ukaacha siku nne, kisha ukarudi palepale ulipokuwa?

Ukijibu ndiyo kwa moja au mawili, wewe ni binadamu wa zama hizi. Ukijibu ndiyo kwa yote, tena kwa miezi mingi, na maisha yako yameanza kuharibika, tafuta mtu wa kuzungumza naye. Kwa uraibu wa gemu, Shirika la Afya Duniani kwa kawaida hutaka hali hiyo iwe imedumu kama miezi 12 na iwe imeharibu kitu cha maana. Si busara kungoja miezi yote hiyo.

Kwa nini inatupata sana sisi wanachuo?

Angalia mlikotoka. Sekondari, hasa za bweni, simu ni marufuku. Kengele inakuamsha, kengele inakulaza, mwalimu wa zamu anapita na fimbo mlangoni. Halafu ndani ya miezi michache unajikuta hosteli, una simu yako, hakuna kengele, vipindi ni vitatu kwa siku na kimojawapo mhadhiri hachukui mahudhurio. Bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, likiingia, unanunua bando la mwezi. Kifurushi cha usiku ni cha bei poa, na ndicho kinachokushawishi ukeshe. Hakuna aliyekufundisha kujipangia siku, kwa sababu miaka yote ulipangiwa.

Juu ya hilo kuna umri. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayotusaidia kujizuia na kupima kesho dhidi ya leo, huendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya ishirini. Breki zenyewe bado zinatengenezwa, na gari tayari liko barabarani.

Lakini kuna jambo jingine ambalo naliona mara nyingi kuliko hayo, na halizungumzwi. Mwanafunzi alikuwa wa kwanza shuleni kwao. Pengine ndiye wa kwanza katika ukoo kufika chuo kikuu. Kijiji kizima kilimjua kama kichwa. Anafika hapa anakuta darasa la watu mia mbili ambao wote walikuwa wa kwanza kwao. Testi ya kwanza anapata 11 kati ya 30. Hana wa kumwambia: nyumbani hawezi, maana baba aliuza shamba, wenzake hawezi, maana anadhani wao wamefaulu. Usiku huo anafungua gemu ambamo yeye ni hodari, na kila hatua anayovuka anapongezwa. Tangu hapo kuna mahali pamoja duniani ambapo bado yeye ni kichwa.

Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wametumia miaka mingi kuonyesha kwamba mtu ana mahitaji matatu ya nafsi: kujiona anaweza, kujiona anajiamulia, na kujiona ana watu wake. Chuo kikikunyang'anya yote matatu kwa muhula mmoja, na simu ikakurudishia matatu hayo kwa mfano wake, huhitaji kuwa mtu dhaifu ili unase.

Ndani ya ubongo kunatokea nini?

Watu wengi wamesikia kuhusu dopamini na wanaiita kemikali ya raha. Ukweli wake unavutia zaidi. Katika miaka ya 1990 mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz na wenzake walipima seli za dopamini katika ubongo wa nyani waliokuwa wakipewa tone la juisi. Mwanzoni seli zililipuka juisi ilipofika. Nyani alipokwisha kujifunza kwamba taa ikiwaka juisi inafuata, seli zikaanza kulipuka kwenye taa. Juisi yenyewe, ikiwa imetarajiwa, haikuzishtua tena. Taa ikiwaka na juisi isije, seli zikanyamaza kuliko kawaida.

Sasa fikiria mlio wa arifa. Mlio ndio taa. Moyo unaruka kabla hujajua ni nani kaandika, na ukifungua ukakuta ni tangazo la mtandao wa simu unajisikia umepungukiwa kitu.

Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan aliongeza jambo ambalo mimi huwaeleza karibu wanafunzi wote: kutaka na kufurahia ni mifumo miwili tofauti ya ubongo. Unaweza kukitaka kitu kwa nguvu zote na usikifurahie hata kidogo. Mwanafunzi mmoja aliniambia, "Mwalimu, hata sifurahii, sijui kwa nini siachi." Alidhani anaelekea kuwa kichaa. Nilipomweleza habari hii alikaa kimya, kisha akalia. Kwa muda mrefu alikuwa anajiuliza ana kasoro gani.

Kuna pia suala la bahati. Mwanasaikolojia B. F. Skinner aliona kwamba njiwa anayepata punje kila akidonoa kitufe hutulia akishiba, lakini anayepata punje mara moja baada ya midono mitatu, mara nyingine baada ya hamsini, bila mpango unaotabirika, hudonoa bila kuchoka, na ukiacha kumpa huchukua muda mrefu sana kukata tamaa. Mkondo wa video fupi umejengwa vivyo hivyo: mbaya, mbaya, ya kawaida, mbaya, halafu moja inayokuvunja mbavu. Mwaka 2006 mbunifu Aza Raskin alitengeneza ule ukurasa usio na mwisho, unaojiongeza wenyewe kila ukishuka. Baadaye alisema hadharani kwamba anajutia. Gazeti lina ukurasa wa mwisho na sahani ina chini yake. Ukurasa wa Raskin hauna mahali pa kukuuliza kama umetosheka.

Nina asaimenti ya kesho. Kwa nini ndipo mkono unaenda kwenye simu?

Hili ndilo swali.

Tuipunguze kasi filamu. Saa mbili usiku, umekaa, umefungua kompyuta ya kuazima. Umeandika jina, namba ya usajili, jina la kozi, jina la mhadhiri. Umeandika sentensi ya kwanza kwa Kiingereza, ukaisoma, ukaifuta. Umeandika nyingine, ukaifuta. Kifua kinabana kidogo. Wazo linapita, haraka sana hata hulitambui: sijui naanzia wapi. Linafuata jingine: wenzangu wameshamaliza. Mkono unaenda kwenye simu.

Dakika moja baadaye kifua hakibani tena. Hapo ndipo siri ilipo. Ubongo umepata zawadi, na zawadi hiyo wala haikuwa video. Ilikuwa ni ile ahueni. Wanasaikolojia wanasema tabia huimarika kwa njia mbili: kwa kupewa kitu kizuri, au kwa kuondolewa kitu kinachouma. Uraibu wa intaneti chuoni, kwa ninavyouona mimi, hula zaidi kwenye hii njia ya pili. Ubongo umejifunza kwamba hofu ikija, kuna kitu kinaiondoa kwa sekunde tano. Kesho itakapokuja tena, hautauliza.

Halafu saa sita usiku unatazama saa. Sasa kuna hofu ya asaimenti na juu yake kuna kujilaumu. Mambo mawili ya kukimbia badala ya moja. Unakimbilia wapi? Unapajua.

Watafiti Fuschia Sirois na Timothy Pychyl waliandika mwaka 2013 kwamba kuahirisha kazi ni njia ya kutuliza hisia za sasa hivi, na bili anatumiwa mtu wa kesho. Wengi tulilelewa tukiambiwa ni tatizo la ratiba. Ndiyo maana ratiba nzuri ya rangi tatu iliyobandikwa ukutani haimsaidii mtu anayeogopa.

Na anaogopa nini hasa? Hapa kwetu naomba tuseme wazi: wengi wanaogopa Kiingereza. Mwanafunzi aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akakariri sekondari kwa Kiingereza, leo anatakiwa ajenge hoja ya kurasa kumi kwa lugha ambayo hajawahi kugombana nayo wala kutaniana nayo. Anayo mawazo, na ukimwacha aeleze kwa Kiswahili utashangaa. Lakini ukurasa mweupe unamwambia hana akili, naye anauamini. Kwa mtu huyu, kufuta TikTok ni kumnyang'anya mkongojo na kuuacha mguu umevunjika. Mimi humwambia arekodi hoja yake kwa sauti, kwa Kiswahili, dakika tano, kisha ndipo aketi kuiandika. Simu ileile inafanya kazi nyingine.

Daniel Kardefelt-Winther alishauri mwaka 2014 kwamba kabla ya kumwita mtu mraibu tuulize anatumia mtandao kufidia nini maishani mwake. Kwangu swali hilo limekuwa fupi zaidi. Mwanafunzi akikaa namuuliza: dakika moja kabla hujaishika, ulikuwa unajisikiaje? Mara ya kwanza karibu wote hujibu "kawaida tu." Wiki ya pili majibu huwa mengine kabisa.

Nina marafiki elfu mbili mtandaoni, mbona najisikia mpweke?

Mwaka 1998 Robert Kraut na wenzake walichapisha utafiti wa familia za Pittsburgh walizoziunganishia intaneti nyumbani kwa mara ya kwanza. Waliotumia sana walionekana kupungukiwa kidogo na maongezi ya nyumbani na kuongezewa upweke. Walipowarudia baadaye, matokeo ya mwaka 2002 yalionyesha picha nyingine: madhara mengi yalikuwa yamefifia, na katika kundi jingine jipya walilolichunguza, tofauti ilikuwa ya tabia. Wachangamfu walinufaika na mtandao. Wakimya ndio walioumia zaidi.

Nakubaliana nao kwa niliyoyaona. Mwenye marafiki hutumia simu kupanga wakutane wapi. Mwenye haya huitumia badala ya kukutana. Scott Caplan amelichunguza hili kwa muda mrefu: mtu anayejiona hana maneno ya kuzungumza ana kwa ana hupendelea kuandika, maana pale anaweza kufuta, kufikiri, kuchagua picha. Ni salama. Tatizo ni kwamba haya haipungui kwa kukaa salama. Kila jioni uliyokaa ndani ni jioni ambayo hukupata nafasi ya kugundua kwamba watu wa kantini hawaumi.

Nikizima data naogopa nitapitwa. Hofu hii inatoka wapi?

Sehemu yake ni halali kabisa, na ushauri mwingi wa mtandaoni haulijui hili. CR, yaani kiongozi wa darasa, akiweka kwenye grupu la darasa kwamba kipindi kimehamishiwa ukumbi mwingine, au kwamba testi imesogezwa hadi Jumatano, usipoona umeliwa. Chuo kimehamia WhatsApp, na huwezi kumwambia mwanachuo aitoke. Mpe mtu mmoja unayemwamini kazi ya kukupigia simu ya kawaida kukiwa na dharura, kisha ufungue grupu mara mbili kwa siku kwa saa zinazojulikana.

Sehemu nyingine ni ya ndani. Andrew Przybylski na wenzake waliipima hofu ya kupitwa mwaka 2013 wakaona inawakamata zaidi wale ambao mahitaji yao ya nafsi, yale matatu niliyoyataja, hayajatimia. Unaangalia stetasi za wenzako kwenye ufukwe wa Coco Jumapili jioni na wewe uko kitandani hosteli ya Mabibo. Kinachouma pale ni kwamba hukualikwa.

Kubeti nako kumo humu?

Kumo, na ndiko kunakonitisha zaidi. Uraibu wa kamari ndio uraibu pekee usio wa kilevi uliokubaliwa moja kwa moja katika sura ya uraibu ya DSM-5. Simu imeuhamisha kutoka dukani ikauweka chini ya mto wako.

Msikilize mtu ambaye mkeka wake, yaani orodha ya mechi alizobetia, umechanika. Hasemi "nimepoteza." Anasema "timu moja tu imeniangusha." Timu kumi na moja kati ya kumi na mbili zimeshinda, na ubongo wake unalisajili hilo kama kukaribia ushindi, wakati kwa hesabu ya pesa ni sawasawa na aliyekosa zote. Kukosakosa kunamsukuma mtu aendelee, hata kuliko kushindwa vibaya. Halafu huja kukimbiza hasara: elfu tano ya kurudisha elfu tano, elfu ishirini ya kurudisha kumi, mpaka ada ya muhula.

Kama umeshagusa bumu la chakula au ada, usijaribu kuirudisha kwa mkeka mwingine. Mwambie mtu mmoja leo, hata kama ni kaka yako atakayekufokea. Deni linalojulikana na watu wawili halimkabi mtu shingoni kama la siri.

Wavulana na wasichana ni sawa?

Kwa jumla wavulana hunasa zaidi kwenye gemu na kubeti, wasichana kwenye mitandao ya kijamii na kujilinganisha mwili na maisha. Lakini nimeona wasichana wanaobeti na wavulana wanaolia kwa sababu picha haikupendwa, kwa hiyo usimpime mtu kwa jinsia yake.

Kipi kilianza, sonona au simu?

Kwa wengi huwezi kujua, na tafiti zinaonyesha njia zote mbili zinapitika. Mwenye sonona hana nguvu ya kutoka, simu haimdai nguvu, basi anabaki nayo. Anayekesha na simu anapoteza usingizi, na usingizi ukipotea wiki kadhaa moyo nao unashuka. Ni duara.

Ninachoomba ujichunguze ni hiki: kama kwa wiki mbili au zaidi moyo umekuwa mzito karibu kila siku, na vitu ulivyovipenda havina ladha tena, ikiwemo mpira, kwaya, chakula, hata huo mtandao wenyewe, basi acha kuhangaika na dakika za simu. Nenda kapimwe sonona. Inatibika, na mara nyingi ikipungua simu nayo inalegea yenyewe. Ndivyo ilivyo pia kwa wasiwasi uliopitiliza na kwa tatizo la umakini ambalo baadhi ya watu huwa nalo tangu utotoni bila kujulikana. Hao huitwa watundu shuleni, na chuoni ndio huanguka vibaya.

Na kama unawaza kujidhuru au kwamba ni afadhali usingekuwepo, usingoje Jumatatu. Mwamshe mwenzako wa chumbani, muende hospitali iliyo karibu sasa hivi.

Mzazi: Mwanangu yuko mwaka wa pili, ana masomo matatu ya kurudia. Nimnyang'anye simu?

Mama, baba, naelewa hasira. Mmeuza mlichonacho. Lakini mtu mzima wa miaka 21 ukimnyang'anya simu atanunua nyingine ndogo na kukuficha, na kuficha ndiko kunakoulisha uraibu. Korea Kusini ilijaribu kwa sheria: kuanzia mwaka 2011 watoto chini ya miaka 16 walizuiwa kucheza gemu za mtandaoni kati ya saa sita usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Baada ya takriban miaka kumi sheria ikafutwa. Ilikuwa imelenga gemu za kompyuta, na vijana walikuwa wameshahamia kwenye simu.

Mpigie. Usianze na masomo. Muulize anakula wapi, analala na nani chumbani, rafiki yake anaitwa nani. Akishindwa kukutajia rafiki hata mmoja, hapo umepata habari kubwa kuliko yale masomo matatu. Kisha mwambie maneno ambayo watoto wengi hawajawahi kuyasikia: ukisapu, yaani ukirudia mtihani, bado ni mwanangu.

Nimeambiwa niombewe tu, yataisha.

Ombewa. Simpingi mchungaji wala shehe. Nyumba ya ibada ina kitu ambacho ushauri hauna, nacho ni watu watakaokuuliza Jumapili au Ijumaa mbona hukuonekana. Ila ukiambiwa ni pepo na ukafukuziwa, ukatoka, ukarudia usiku uleule, usihitimishe kwamba umelaaniwa. Njoo na huku.

Kuna kipimo ninachoweza kujipima?

Kipo kile cha Kimberly Young cha mwaka 1998, maswali 20, alama hadi 100. Ukifika 80 au zaidi kinachukulia hali ni nzito. Kinakupa picha, hakikupi hukumu.

Mimi naamini zaidi daftari. Siku saba, kila ukijikuta na simu bila kukusudia, andika saa, na neno moja la hisia ya dakika iliyotangulia: njaa, hofu, uchovu, wivu, upweke, kuboeka. Usijizuie chochote wiki hiyo, andika tu. Mwanafunzi mmoja wa uhandisi aliniletea daftari ambalo neno "aibu" lilijirudia kila Jumanne na Alhamisi mchana. Tukatazama ratiba. Ndizo siku za kipindi ambacho mhadhiri huwainua wanafunzi kujibu mbele za watu. Miezi mitano alikuwa akipambana na Instagram, kumbe jambo lilikuwa ukumbi ule.

Nianzie wapi kuacha?

Usimwapie mtu na usifute kila kitu usiku mmoja, maana simu ndiyo maktaba yako. Anza na kile daftari lilichokuonyesha. Kama ni hofu ya kazi, punguza kazi hadi isitishe: leo nitaandika sentensi tatu mbaya, basi.

Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 kuhusu mipango ya "ikiwa hivi, basi vile", na inafanya kazi kuliko nia njema. "Nitapunguza simu" ni nia. "Nikiketi mezani saa mbili, simu nampa mwenzangu wa chumbani hadi saa tatu" ni mpango. Chapa notisi steshenari ili usome bila skrini. Nunua saa ya mezani ya kukuamsha, ili simu isiwe na kisingizio cha kulala kitandani. Acha kununua kifurushi cha usiku. Katika yote niliyowahi kushauri, hili dogo ndilo lililoleta usingizi haraka kuliko mengine.

Hamu itakuja. Alan Marlatt, aliyetibu walevi, aliwafundisha kuipanda hamu kama wimbi badala ya kupigana nayo. Waliokulia pwani wanajua wimbi halisimami; linavimba, linavunjika, linakwenda. Keti, hesabu pumzi, litazame likipita. Mara nyingi dakika ishirini hazifiki.

Utarudi nyuma wiki ya tatu au wakati wa mitihani. Andika kwenye daftari ulikuwa unajisikiaje, kisha endelea.

Nikienda kwa mshauri wa wanafunzi, si watanicheka? Wataniandika?

Mazungumzo ya ushauri ni siri, na una haki ya kuuliza hivyo kabla hujafungua mdomo. Chuo chako kina ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Kama hujisikii huru hapo, nenda idara ya afya ya akili ya hospitali kubwa iliyo karibu. Muhimbili ipo Dar es Salaam, Mirembe ipo Dodoma, na walioko Nairobi wana Mathari. Watu bado wanataja Mirembe kwa kejeli, na kejeli hiyo imewachelewesha wengi. Tiba inayosaidia sana ni ya mazungumzo, ile inayofuatilia fikra na tabia hatua kwa hatua, na kwa kawaida huchukua wiki kadhaa.

Mwenzangu wa chumbani hatoki tena. Anacheza usiku, analala mchana. Nifanye nini?

Usimhubirie, usimpige picha na kuiweka kwenye grupu. Anajua hali yake kuliko wewe unavyoijua, na anaamini umeshamdharau.

Anza na chakula. "Naenda kula, nyanyuka twende," huku umesimama mlangoni na umeshavaa viatu, ina nguvu kuliko nusu saa ya nasaha. Akikataa, mletee chipsi, usiseme lolote, na kesho uulize tena. Kijana mmoja alimfanyia hivyo mwenzake kwa siku tisa. Siku ya kumi yule mwingine alivaa ndala akamfuata hadi kwa mama ntilie, wakala wali maharage bila kuzungumza sana. Wakati wa kurudi, njiani gizani, ndipo alipomwambia kwamba mama yake alifariki mwezi wa pili na hakuna mtu darasani aliyejua.

Wiki iliyofuata walikuja kwangu wote wawili.